Tunda Lililochaguliwa na Watoto

Majuzi nilipokuwa Tukuyu nilimkuta mama akipanga maparachichi ya Hass kwenye kreti. Mwanawe alikuwa kando, anakula ndizi tupu. "Haya ni ya fedha, baba," mama akaniambia.

Asili ya parachichi ni Mexico na Amerika ya Kati, ambako limeliwa kwa maelfu ya miaka. Hass ilianzia California, Marekani. Mtumishi wa posta, Rudolph Hass, alipanda mbegu miaka ya 1920. Alijaribu kuubebesha mche aina nyingine, ukakataa, akauacha ukue. Ulipozaa, watoto wake wakayapenda matunda yake kuliko yote. Mwaka 1935 akapewa hataza. Miti yote ya Hass duniani, hata ya Rungwe, imetokana na vikonyo vya mti ule mmoja.

Parachichi lina mafuta yanayofaa moyo, nyuzinyuzi, potasiamu, na foleti anayoihitaji mama mjamzito. Sisi wa mjini twahangaikia goji kavu za Uchina!

Tuuze, maana fedha ina kazi zake. Lakini tunda hili lilichaguliwa na watoto. Wa kwetu wasiishie kuliona kwenye kreti.