Pamba za kazini: kaptula, Kaunda na ovaroli kati ya Shinyanga na Geita

Kijiweni, mtu akitokea kanyoosha shati na kiatu kinang'aa, vijana watamwambia, "Leo umetupia pamba!" Huku kwetu neno hilo lina utani wake. Shinyanga imelima pamba tangu enzi za mkoloni, ikaipeleka kwenye mizani ya chama cha ushirika na kwenye viwanda vya kuchambulia, marobota yakapanda treni kwenda bandarini. Mkulima aliyebaki na jembe lake alisubiri shati lirudi kutoka ng'ambo, na lilirudi likiwa na bei nyingine kabisa.

Wa kwanza kuvaa "nguo za ofisini" hapa walikuwa watu wa boma. Tarishi alipewa kaptula ya kaki. Karani alijinunulia yake na kuitunza kama mboni ya jicho. Ilichovywa kwenye uji mwepesi wa wanga wa muhogo, ikaanikwa, ikanyunyiziwa maji, kisha pasi ya mkaa ikapita juu yake hadi mkunjo ukasimama wima na kitambaa kikawa kinalia kwa kila hatua. Soksi zilivutwa hadi chini ya goti. Bwana mkubwa naye alivaa kaptula, ila yake ilikuwa ya starehe ya jua la tropiki. Ya tarishi ilikuwa amri. Ndiyo maana vijana waliosoma waliitamani sana suruali ndefu.

Kisha migodi ikaleta aina nyingine ya ofisi. Dhahabu ya Geita ilichimbwa kwa mitambo tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ule wa zamani ulipofungwa mwaka 1966. Upande wa Shinyanga, mwaka 1940 mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi ya Mwadui, na ndani ya miaka michache pakaota mji mzima uliozungushiwa uzio. Almasi ni mali inayoweza kufichwa ndani ya upindo wa suruali, kwa hiyo nguo ya mfanyakazi ilikuwa jambo la ulinzi kabla ya kuwa jambo la unadhifu. Karani wa benki hutazamwa kola. Mtu wa almasi hutazamwa mfuko.

Uhuru ulipokuja, tai ikaanza kutiliwa shaka. Mwalimu Nyerere mwenyewe alizoeleka katika suti zisizo na tai, na jina la rais wa kwanza wa Zambia likabaki kwenye vazi lililoenea kila ofisi: Kaunda suti, mikono mifupi, mifuko minne, kalamu ikichungulia kifuani. Kwa joto la Shinyanga la mwezi Oktoba, sidhani kama kuna vazi la ofisini lililowahi kubuniwa kwa akili zaidi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyolenga sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na utekelezaji wake ukaanza Dar es Salaam Januari 1969. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vitambaa vikaadimika madukani. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya muongo huo, mitumba ikamiminika, na mwalimu wa shule ya msingi akaweza kuingia darasani na koti la sufu lililoshonwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya.

Mageuzi makubwa zaidi, kwa maoni yangu, yaliletwa na migodi mipya: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Kabla ya hapo nguo ya kazi ya mikono ilikuwa ya kuvuliwa haraka mtu asije akaonekana nayo mjini. Sasa ovaroli yenye mistari inayong'aa, kofia ngumu na buti zenye chuma mbele zikawa tangazo la ajira yenye mshahara wa benki. Kahama na Geita mjini, kijana mwenye ovaroli ya mgodi alikopeshwa dukani bila maswali mengi, wakati mwalimu mwenye tai aliulizwa atalipa lini. Na meneja akishuka eneo la kazi naye huvaa kofia na buti zilezile. Jiwe linaloanguka halimjui bosi.

Ovaroli ilifanya jambo jingine bila kuhubiri. Mwanamke wa Kisukuma aliyevaa suruali alikuwa akisemwa kijijini. Anayeendesha lori kubwa la mgodi hasemwi, maana hapo kanga ndiyo ingekuwa hatari.

Nje ya uzio, huko Rwamagasa na Nyarugusu, mchimbaji mdogo hujivika anachopata. Utamkuta mtu anatoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, na tochi kichwani, tope hadi kwenye nyusi, mgongoni ana koti linaloakisi mwanga lenye jina la kampuni ya barabara ya nchi asiyoweza kuitaja. Limetoka kwenye robota la mitumba. Dalali wa dhahabu ndiye huvaa ovyo kwa makusudi. Mwenye akili havai kama mwenye pesa. Soko la madini lilipofunguliwa Geita Machi 2019, baadhi ya madalali walihamia nyuma ya meza na mizani, na mashati ya kola yakaanza kuonekana.

Serikali nayo ilitoa waraka wake wa mavazi ya watumishi wa umma, Namba 3 wa mwaka 2007. Geita ilipofanywa mkoa mwaka 2012, ofisi zikaongezeka, na mabango ya mavazi yasiyoruhusiwa yakapigiliwa milangoni: jinzi, kaptula, ndala, nguo za kubana, kila moja na alama nyekundu ya X juu yake.

Niliwahi kusimama foleni kwenye mlango mmoja wa namna hiyo. Mbele yangu alikuwa mchimbaji aliyefuata mambo ya leseni, buti za mpira zimeganda tope jekundu hadi magotini. Mlinzi akamtazama, akageukia bango, akapitisha kidole picha moja baada ya nyingine. Buti hazikuwemo. Akamfungulia mlango, kisha akaenda kutafuta fagio.