Begi la Ijumaa

Kila Ijumaa ya pili nilipanda matatu Kitengela na begi langu, nikapita Isinya, nikashuka Kajiado kwa mzee. Jumapili nilirudi kwa mathe. Waliachana 2011, nikiwa na miaka tisa, na hawakuwa wanaongea. Simu yao ilikuwa mimi. "Mwambie babako viatu vimeisha." "Mwambie mamako mshahara haujaingia." Nikifika Isinya nilikuwa nishayalainisha maneno kidogo.

Nilipoacha chuo nilipata muda wa kusoma, nikagundua huu ugomvi ni wa kitambo. Mwaka 1959, chini ya mkoloni, ilipitishwa sheria iliyomruhusu mama asiyeolewa kumpeleka baba wa mtoto kortini na kudai pesa za malezi. Mwaka 1969 Bunge likaifuta. Walioipinga walisema ati wasichana wanatafuta mimba ili wapate pesa. Bunge lenyewe lilikuwa la wanaume watupu. Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge, aliingia Desemba mwaka huohuo, sheria ishazikwa.

Kwa Wamaasai, upande wa mzee, mila ilikuwa na jibu lake: ng'ombe wa mahari wakishatolewa, watoto ni wa boma la mume. Jibu kali kwa mama, lakini angalau kila mtu alijua mtoto ni wa wapi. Wazazi wangu hawakuwa na ng'ombe wala cheti cha ndoa. Walianza tu kukaa pamoja.

Kwa watu kama wao, Sheria ya Watoto ya 2001 ilimbebesha mama jukumu kwanza. Baba aliingia kwa masharti. Katiba ya 2010, Ibara ya 53, ikabadilisha hesabu: wote wawili wanawajibika sawa, wameoana au hawajaoana.

Basi wakaenda kwa ofisa wa watoto, wakaandikiana. Karo ni ya mzee, nyumba na chakula ni vya mathe, wikendi mbili kwa mwezi Kajiado. Karatasi safi kabisa, na kwa miaka ilishikilia. Lakini hakuna mstari uliosema wapigiane simu. Na kwangu ilikoma nilipofika miaka 18. Sheria iliruhusu mahakama kuongeza muda kukiwa na sababu maalum, lakini nani angeenda kuomba?

Mathe alidhani mzee amelipa karo ya chuo. Mzee alidhani mkopo umetosha. Mimi nilikuwa nimechoka kubeba ujumbe, nikanyamaza. Mwaka wa pili jina langu halikuwa kwa orodha ya mtihani. Hilo la kunyamaza ni langu, siwasingizii.

Ndugu yangu alikuwa mtoto mchanga walipoachana. Sasa yuko sekondari. Mwaka jana niliwaweka wote wawili kwa grupu ya WhatsApp, nikaiita "Karo ya Kadogo", halafu nikakaa kimya. Wiki tatu hakuna aliyeandika. Kisha mzee akatuma meseji ya M-Pesa.

"Imefika," mathe akajibu. "Anahitaji sweta."

"Saizi gani?"