Mume, Mke na Hati ya Shamba: Vichekesho vya Ndoa Thika na Ruiru

Kwa miaka mingi, abiria waliotoka Thika na Ruiru alfajiri kwenda kazini Nairobi walianza siku kwa ugomvi wa ndoa ambao haukuwa wao. Dereva alifungulia redio ya Classic 105, watangazaji Maina Kageni na Mwalimu King'ang'i wakaleta mada ya mume asiyefikisha mshahara nyumbani au mke aliyepekua simu ya mwenzake, nao wasikilizaji wakapiga simu kutoa siri za chumbani. Matatu nzima ilicheka, hata waliojifanya wamelala. Kichekesho hicho hakikuzaliwa redioni. Kina ukoo jukwaani, na jamaa zake wa karibu wako Kiambu, kaunti yenye miji hii miwili.

Reli ilifika Thika mwaka 1913. Viwanda vya nguo, ngozi na mananasi vikafuata, huku Ruiru ikizungukwa na mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Mara nyingi mwanamume alilala kwenye chumba cha kibarua, mke akabaki kijijini na watoto, akipalilia kipande cha ardhi. Mshahara mmoja, meko mawili. Ugomvi wa mwisho wa mwezi haukuhitaji mtunzi, ulihitaji jukwaa tu.

Jukwaa lilipatikana Kamiriithu, Limuru, upande wa pili wa Kiambu. Mnamo Oktoba 2, 1977, wanakijiji, wakiwemo vibarua wa mashamba ya chai na wa kiwanda cha viatu cha Bata, walianza kuigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, katika uwanja walioujenga kwa mikono yao. Tumezoea kuisoma kama tamthilia ya matabaka, na ndivyo ilivyo. Lakini hebu wahesabu waliomo: Kĩgũũnda na Wangeci, Gĩcaamba na Njooki, Kĩoi na Jezebel, Ndugĩre na Helen. Hizo ni jozi nne za wanandoa, na karibu kila hoja ya siasa inapitia kwenye maneno ya mume na mke.

Mtoto wa tajiri Kĩoi anamzungusha Gathoni, binti wa Kĩgũũnda. Matajiri wanapobisha hodi, Wangeci ana matumaini kwamba posa imefika. Kumbe wageni wamekuja kuwaambia wenyeji wao kwamba wanaishi katika dhambi, kwa hiyo wakafunge ndoa kanisani! Wazee wenye binti wa kuozwa wanageuzwa wachumba. Ukutani imetundikwa hati ya shamba la ekari moja na nusu, imetiwa fremu kama picha ya babu. Arusi inahitaji pesa, pesa ziko benki, benki inataka hati. Mwishowe shamba linapigwa mnada. Sijui kichekesho kingine cha Kenya kilichopanga hesabu ya ndoa kwa ukali namna hiyo.

Leseni ya maonyesho ilifutwa Novemba 16, Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa mwisho wa mwaka, na Machi 1982 uwanja ukabomolewa.

Kicheko kilichobaki salama kilikuwa cha televisheni. Katika kipindi cha Vitimbi, Mzee Ojwang' na Mama Kayai waligombana kuhusu chakula na pesa za matumizi bila kumgusa mkubwa yeyote. 

Aliyerudisha makali ni mwandishi wa vichekesho Wahome Mutahi. Katika safu yake ya Whispers magazetini, mke alibatizwa Thatcher, jina la waziri mkuu wa Uingereza, na binti akaitwa kitega uchumi kwa sababu ya mahari iliyotarajiwa. Mutahi alikuwa amefungwa mwaka 1986 kwa madai ya kuhusika na Mwakenya, kundi la siri la upinzani, kwa hiyo alijua namna ya kuificha serikali ndani ya sebule. Miaka ya tisini, yeye na Wahome Karengo walipeleka michezo ya Kikuyu kama Mugathe Mubogothi na Ngoma cia Aka kwenye baa na hoteli. Baa haidai pazia. Meza zikisukumwa kando, mlango wa jikoni unakuwa mlango wa chumba cha kulala, na mhudumu anaweza kukatiza katikati ya talaka akiwa na chupa za watu. Baa pia ina faida ambayo Ukumbi wa Taifa hauna: mume anayechekwa ameketi palepale, na mshahara uko mfukoni. Mutahi alifariki Julai 22, 2003.

Siku hizi wapenzi wa jukwaa husafiri kuwaona waigizaji wa kundi la Heartstrings jijini, ambao wamejenga jina kwa vichekesho vya mapenzi na ndoa. Barabara kuu ya Thika ilizinduliwa mwaka 2012, mashamba ya kahawa ya Ruiru yakakatwa ploti, na ugomvi ukahama kutoka mshahara kwenda kodi ya nyumba na jina lililo kwenye hati. Sheria nayo imebadilika. Tangu Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani bila mwenzi kuridhia. Leo benki ingemwita Wangeci atie sahihi. Na kwa jinsi alivyokuwa na hamu ya kumwoza Gathoni kwa tajiri, angetangulia kuuliza kalamu iko wapi.