Von Lettow Alivyopita Mbozi

Paul von Lettow-Vorbeck alizaliwa Saarlouis tarehe 20 Machi 1870, katika ukoo wa makabaila wa Pomerania. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi. Mtoto wa kiume wa nyumba kama hiyo hakuulizwa anataka kuwa nani. Tangu mwaka 1717, mfalme Friedrich Wilhelm wa Kwanza wa Prussia alipoanzisha chuo cha makadeti Berlin, wana wa makabaila walitolewa kwa wazazi wao wangali wadogo, wakakuzwa kwa gwaride na amri. Paul alipita humo humo: Potsdam, kisha Lichterfelde. Akapigana China, halafu Namibia katika vita vya kuwaangamiza Waherero na Wanama, alikoumia jicho la kushoto. Januari 1914 akashuka Dar es Salaam kuongoza jeshi la koloni la Wajerumani.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilipozuka, mto Songwe, mpaka wa koloni la Wajerumani na Malawi ya leo iliyokuwa chini ya Waingereza, ulivionja mapema. Septemba 1914 Kapteni von Langenn-Steinkeller, kabaila mwingine, aliuvuka na kikosi chake kutoka Tukuyu. Tarehe 9 akapigwa Karonga, akajeruhiwa vibaya. Kwa Wandali wa Ileje, ng'ambo ile ni kwa ndugu, si ugenini.

Von Lettow mwenyewe alifika huku mwaka 1918. Mwishoni mwa Septemba alirudi kutoka Msumbiji kwa kuvuka Ruvuma, akakata Ubena, akatokea Mbozi. Tarehe 2 Novemba alikuwa akiishambulia ngome ya Waingereza pale Fife, ng'ambo ya Tunduma ya leo. Ikamshinda, akaiacha, akashika njia ya Kasama.

Vitabu vingi husifu ujanja wa mwendo huo. Mimi nauliza walikula nini. Jeshi lile halikuwa na ghala wala meli ya kuliletea chakula. Lilikula cha wenyeji. Na Novemba huku kwetu ni mwezi wa kuotea mvua: kihenge kimeshapungua, na ulezi uliobaki una kazi mbili, kulisha watoto na kuwa mbegu. Ukichukuliwa huo, njaa haiji siku hiyo. Inakuja baadaye, wapiganaji wameshafika mbali na hakuna wa kuandika habari zake.

Mizigo nayo ilikwenda vichwani mwa watu. Habari za kusimamishwa vita zilimkuta von Lettow karibu na mto Chambeshi, na tarehe 25 Novemba akaweka silaha chini Mbala, iliyoitwa Abercorn. Hesabu iliyobaki ni Wazungu 155, askari Waafrika zaidi ya 1,100 na wapagazi zaidi ya 1,500. Wapagazi waliwazidi wapiganaji wote kwa idadi, lakini majina yaliyobaki vitabuni ni ya maofisa.

Machi 1919 alipita Lango la Brandenburg, Berlin, juu ya farasi, watu wakimshangilia. Baadhi ya watu wake waliofika naye Mbala walikuwa wameshakufa kwa homa kali ya mafua iliyoenea wakati ule, kabla hawajafika makwao.