Njia ya nyumbu iliyookolewa kwa miguu

Majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani si watu wa kuandikia magazeti. Lakini Januari 1954 William O. Douglas alishindwa kunyamaza. Mapema mwezi huo gazeti la The Washington Post lilikuwa limetoa tahariri ya kuunga mkono mpango wa kujenga barabara ya magari kwenye mfereji wa zamani wa Chesapeake and Ohio, unaofuata kingo za mto Potomac. Barua ya jaji ilichapishwa tarehe 19. Haikuwa na matusi wala vifungu vya sheria. Alimwalika tu mwandishi wa tahariri avae viatu, watembee pamoja mfereji mzima, kisha aseme kama bado anaitaka hiyo barabara.

Mfereji huo una urefu wa kilomita 297.

Ulikotoka ni mbali. Julai 4, 1828, Rais John Quincy Adams alikwenda nje kidogo ya Washington kuchimba udongo wa kwanza. Sepetu ikagonga mzizi. Akajaribu tena, ikagoma. Akavua koti, akakikita chuma kwa nguvu zake zote mpaka udongo ukatoka, na umati ukamshangilia. Lakini siku hiyohiyo, kule Baltimore, wengine walikuwa wanaweka jiwe la kwanza la reli ya Baltimore and Ohio. Reli iliingia mji wa Cumberland mwaka 1842. Mfereji ulifika 1850, ukiwa umechelewa miaka 8, na ndoto ya kuuvusha milima hadi mto Ohio ikaishia hapo.

Hata hivyo kazi ulifanya. Mashua zilishusha makaa ya mawe kutoka milimani, zikikokotwa na nyumbu (wale wa punda na farasi, si wa Serengeti) waliotembea kwenye njia ya udongo kando ya maji. Mara nyingi waliowaongoza nyumbu hao ni watoto wa mwenye mashua. Kati ya Cumberland na Washington kimo kinashuka karibu mita 185, kwa hiyo palijengwa malango ya maji 74. Mashua inaingia kwenye chumba cha mawe, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanapunguzwa polepole mpaka yalingane na ya mbele, halafu mlango wa pili unafunguliwa. Mlinzi wa lango aliishi kwenye nyumba ndogo palepale, maana mashua haikujali kama ni mchana au usiku wa manane.

Mafuriko ya 1889 yaliifilisi kampuni ya mfereji, na ya 1924 yakaumaliza kabisa usafiri. Mwaka 1938 serikali iliununua mfereji kwa dola milioni 2. Kilichofuata simulizi nyingi hukipita mbiombio: vijana weusi wa kambi za kazi za Rais Roosevelt, zilizowatenga na wenzao weupe, ndio walioifufua sehemu ya kwanza kuanzia Georgetown, kilomita zipatazo 35, kabla Vita vya Pili vya Dunia havijazifunga kambi hizo mwaka 1942. Sehemu hiyo ndiyo inayojaa watu zaidi leo.

Tuirudie barua. Wahariri wawili wa Post, Merlo Pusey na Robert Estabrook, waliukubali mwaliko. Machi 20, 1954, msafara ulianza Cumberland kuelekea Washington. Douglas alikuwa na miaka 55, mtu aliyeizoea milima tangu utotoni huko Yakima, na hakuwa na mwendo wa kusubiri wenye malengelenge. Walikwenda siku 8. Wengi walijiunga, wengi wakaacha njiani. Waliotembea mpaka mwisho ni wanaume 9 tu, na wahariri hawakuwamo. Hata hivyo gazeti lilibadili msimamo, likakubali kwamba sehemu kubwa ya mfereji iachwe kama ilivyo. Ni nadra gazeti kukiri hadharani kwamba miguu imelibadilisha mawazo.

Hapa ndipo masimulizi mengi hukoma: jaji shujaa, gazeti limetubu, mwisho. Mimi naona habari yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Kabla watembeaji hawajatawanyika iliundwa kamati, Douglas akiwa mwenyekiti, na mwaka 1957 kamati hiyo ikageuka kuwa C&O Canal Association, chama cha watu wa kujitolea. Sifa za magazeti hazizuii tingatinga. Rais Eisenhower aliutangaza mfereji kuwa kumbukumbu ya taifa Januari 1961, siku chache kabla ya kuondoka madarakani, lakini hifadhi kamili ilipatikana pale Rais Nixon alipotia saini sheria Januari 8, 1971. Hiyo ni miaka 17 ya barua, vikao na kubisha hodi kwenye ofisi za wabunge.

Kazi ya chama hicho ninayoipenda zaidi haina hata harufu ya siasa. Chama kimeigawa njia nzima katika vipande vya kilomita chache chache, na kila kipande kina mwenyewe. Mwenye kipande hukitembelea mara kadhaa kwa mwaka akiwa na mfuko. Anaokota chupa na makopo, kisha anaandika ripoti: mti umeangukia njia, ukingo umemegwa na maji, pampu ya kambi imekatika mpini, waendesha baiskeli aliopishana nao walikuwa wangapi. Pampu si jambo dogo. Anayesafiri kwa baiskeli siku tatu au nne hulala kwenye vikambi vilivyo kando ya njia, na maji yake ya kunywa hutoka kwenye pampu ya mkono yakiwa yametiwa dawa. Pampu ikifa bila mtu kutoa taarifa, msafiri anaigundua jioni akiwa na chupa tupu.

Mto nao haukusamehe. Kimbunga Agnes cha 1972 kilizifumua kingo, na kikaliacha hoi daraja la Monocacy, kubwa kuliko madaraja yote 11 yaliyoubeba mfereji juu ya vijito vinavyoingia Potomac. Lina matao 7 ya mawe na lilikamilika 1833. Mwaka 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, wanajeshi wa Kusini walitaka kulilipua, mawe yakawashinda. Baada ya Agnes lilifungwa vyuma lisianguke, na vyuma hivyo vikakaa miongo mitatu. Wanachama walichangishana, wakapiga kelele, wakawachosha wabunge hadi fedha za serikali zikapatikana. Mwaka 2005 daraja lilizinduliwa upya, vyuma vimetolewa.

Pale Cumberland njia hii imeungana na nyingine, Great Allegheny Passage, kwa hiyo tangu 2013 mtu anaweza kuendesha baiskeli kutoka Washington hadi Pittsburgh akipishana na magari kwa nadra sana. Hifadhi sasa hupokea wageni zaidi ya milioni 4 kwa mwaka. Douglas, aliyefariki 1980, ana sanamu yake Georgetown. Wenye vipande hawana, wala sijasikia wakilalamika.

Msomaji uliye Washington, au unayekwenda kumtembelea ndugu huko, kodi baiskeli uanzie Georgetown. Kufika kwenye maporomoko ya Great Falls ni kilomita 23 hivi, njia tambarare, ya changarawe na udongo. Piga kengele unapompita anayetembea. Ukiona mti umelala njiani, watumie walinzi wa hifadhi namba ya alama ya maili iliyo karibu. Na njia ya mawe iitwayo Billy Goat waachie wanaotembea kwa miguu, baiskeli haziruhusiwi.