Mzigo na Mapatano

Wasikilizaji wetu, sisi tukaao Nyamisangura, mjini Tarime, twayajua sana malori yaendayo mpakani Sirari. Reli haikufika kwetu; chumvi, sabuni na saruji hutujia kwa barabara. Basi yafaa tuwafikiri wale watuchukuliao mizigo, na tujue habari za waliowatangulia.

Katika karne ya 19, kabla ya reli, mizigo ya misafara kati ya Tabora na Bagamoyo ilichukuliwa mabegani. Wanyamwezi walisifiwa kwa kazi hiyo. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kadiri ya frasila mbili, yaani ratli 70. Lakini hawakuwa watumwa: kabla ya kuondoka walipatana juu ya uzito, ujira na posho. Posho ikipunguzwa njiani, waliweza kutua mizigo na kukataa kwenda mbele, na mwenye msafara hakuwa na budi kusema nao.

Vita vya 1914 hata 1918 viliyavunja mapatano hayo. Waingereza peke yao waliwachukua watu wapatao milioni moja wawe wapagazi, wengi kwa nguvu. Waliokufa wahesabiwa kuwa 95,000 au zaidi. Maradhi na chakula kibaya viliwaua wengi kuliko risasi. Jina la Kariakoo, huko Dar es Salaam, latokana na jeshi hilo la wachukuzi, Carrier Corps. Na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao kamwe.

Kisha mzigo ulitoka begani ukaingia katika gari, walakini swali halikwisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Hata hivyo, Aprili na Mei 2015, madereva wa Tanzania waligoma, na miongoni mwa madai yao ilikuwa kupewa mikataba ya kazi. Dereva asiye na mkataba, akiumia njiani, jamaa zake watashika karatasi gani mkononi?

Basi ninyi vijana mtakaotafuta kazi ya gari, ujira na usiulizwe baada ya safari. Ombeni mkataba, usomeni, na nakala yake iachwe nyumbani. Mnyamwezi wa kale hakujua kuandika, lakini hakuinua mzigo kabla ya kupatana.