Maikrowevu kwenye benchi la fundi: umeme unaobaki hata ukichomoa plagi

Wengi wanaojifunza ufundi nyumbani huanza na pasi, feni na redio, halafu siku moja jirani analeta maikrowevu: "Inazunguka, taa inawaka, ila haipashi." Hapo simama kwanza. Kati ya vyombo vya jikoni, hiki ndicho cha hatari kuliko vyote kukifungua, na hatari yenyewe si ule umeme wa ukutani.

Ukutani kuna volti 230 hivi. Ndani ya maikrowevu ile nzito kuna transfoma inayozipandisha hadi kama 2,000, halafu kapasita na dayodi zinasukuma mpaka kama 4,000 kwenda kwenye magnetroni, kile kifaa kinachotoa mawimbi ya kupasha chakula. Volti nyingi peke yake siyo hoja. Sweta ya nailoni ukiivua inaweza kukupa cheche ya maelfu ya volti na ukabaki mzima. Hoja ni kwamba transfoma hii inaweza kutoa kama nusu ampia, yaani miliampia 500, wakati miliampia 50 hadi 100 zikipita kifuani zinatosha kuuvuruga moyo. Na kwa volti hizo ngozi haikukingi, inatobolewa tu.

Kuna wanaojipa moyo: "Breka itakata." Haikati bwana! Ile breka ya kulinda watu, inayokata kwenye miliampia 30, inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi kwenye nyaya za nyumba. Shoti ya humu ndani inatoka kwenye koili ya pili ya transfoma, inapita mwilini mwako, na inarudi kwenye koili hiyohiyo kupitia bodi ya bati. Breka inaona mambo shwari huku wewe unakaangwa. Kwa hiyo usipime volti za sehemu hiyo ikiwa imewashwa, hata kwa sekunde moja. Mita nyingi za kawaida mwisho wake ni volti 600 au 1,000, ukizidisha inaweza kukupasukia mkononi.

Haya, umechomoa plagi. Bado! Kapasita, lile kopo la bati lililo karibu na transfoma, linaweza kuwa na chaji. Nyingi zina rezista ndani ya megaomu 10, na kwa kapasita ya mikrofaradi 1 chaji inaisha ndani ya kama dakika moja. Lakini rezista hiyo ikikatika, kwa nje huoni dalili yoyote. Mafundi waliozoea huweka plagi mahali wanapoiona kwa macho, wanasubiri dakika tano, halafu wanaunganisha vichwa viwili vya kapasita kwa waya wenye rezista na mpini wa plastiki, kisha kila kichwa na bodi. Mkono mmoja tu unafanya kazi, mwingine uko mfukoni ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Kama hujawahi kumwona fundi akifanya hivyo mbele yako, usijaribu peke yako kwa kusoma hapa.

Cha kufurahisha, magonjwa mengi ni ya kawaida tu: fyuzi, swichi za mlango, au karatasi ya maika iliyoungua. Fyuzi ikikata kila ukifungua mlango, angalia swichi. Moja imewekwa makusudi iunguze fyuzi zile nyingine zikigoma kuachia, kwa hiyo usiiruke kwa waya. Magnetroni unaipima plagi ikiwa nje na kapasita imeishiwa chaji: kichwa kwa kichwa chini ya omu 1, kichwa kwa bodi isisome kitu. Dayodi mita ya kawaida itakudanganya, inahitaji betri ya volti 9 ikae kwenye mstari.

Halafu kuna mchezo wa kung'oa transfoma na kuchora michoro kama radi juu ya mbao. Unapendeza kwenye video, ila umeua watu wengi, na mwaka 2017 chama cha wachonga mbao cha Marekani, American Association of Woodturners, kiliupiga marufuku kwenye shughuli zake. Wanaotengeneza mashine ya kuchomelea kwa transfoma hiyo wana afadhali, maana koili ya waya mwembamba inatolewa na kuwekwa waya mnene wa volti chache. Ila itolewe kabla hujachomeka chochote, siyo "nijaribu kwanza kama inafanya kazi".

Mtu akinaswa, usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta usafiri. Hata akiamka na kucheka, apelekwe hospitali apimwe moyo.

Mwenye maikrowevu iliyomshinda aandike dalili zake hapo chini.